Maua dume ya maboga sio "maua ya uongo"

Kuna meseji inazunguka sana kwenye magrupu ya wakulima huku Mwanza, eti maua ya maboga yanayodondoka bila kuzaa ni ya uongo, yanamaliza nguvu ya mmea, yakate yote. Sio kweli jamani, ukiyakata yote na majirani hawana maboga basi hata maua jike hayatazaa.

Mmea mmoja wa maboga unatoa maua ya aina mbili, jike na dume. Nenda bustanini asubuhi mapema kabla hayajajifunga, chungulia chini ya ua: jike lina kiboga kidogo pale shingoni, dume lina kikonyo chembamba tu, na ukiingiza kidole ndani kinatoka na unga wa njano. Hiyo ndo chavua, nyuki anaibeba kupeleka kwa jike. Dume likishamaliza kazi linanyauka, na kwa vile yanayotangulia kuchanua mara nyingi ni madume, mtu anaona maua yote yanadondoka anaingiwa na hofu, naelewa kabisa.

Hata majina ya kitaalamu hayasemi uongo wowote. Pistili, sehemu ya kike, imetoka kwenye neno la Kilatini la mchi wa kutwangia, umbo lake linafanana kweli. Stameni, ya kiume, kwa Kilatini ni uzi wa mfumaji.

Meseji ikikufikia tena naomba usiifowadi, mwambie aliyekutumia achungulie ua kwanza. Na kama unataka maua ya kupika kama mboga, chuma madume machache tu, mengine waachie nyuki.