Helikopta ya uokozi baharini: ya barazani na ukweli wake

"Lau tungekuwa na kituo cha helikopta, wangeokoka wote." Maneno haya nimeyasikia barazani Nungwi mara nyingi, tangu usiku wa Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilipozama ikielekea Pemba. Yanatoka kwenye uchungu, nami siubezi uchungu huo. Lakini hesabu haikubali. Helikopta ya Sea King, iliyokaa kwenye vituo vya uokozi vya jeshi la anga la Uingereza tangu 1978 hadi 2015, ilikuwa haichukui hata watu ishirini kwa safari moja. Zamu ya usiku ilipewa dakika 45 tangu kuitwa hadi kupaa, ya mchana 15. Meli yetu ilishindiliwa abiria mamia kwa mamia, ikazama usiku wa manane. Waliowahi ni wavuvi na wenye boti, na baadhi ya watu waliwakuta wameng'ang'ania magodoro. Tulichokikosa kwanza kilikuwa bandarini: mtu wa kusema meli imejaa, haiondoki.

Wengine husema vituo vile viliwekwa kwa ajili ya wavuvi. Sivyo. Jeshi la anga liliviweka ili kuwaopoa marubani wake wanaoanguka baharini; raia walifaidika baadaye, hadi wakawa ndio wengi. Ingawa watu wa kwanza kabisa kuvutwa kwa winchi ya helikopta kutoka kwenye hatari baharini walikuwa raia: wanaume wawili waliokwama juu ya tishari katika dhoruba, pwani ya Connecticut, Marekani, Novemba 29, 1945.

Na si lazima mwokozi awe mwanajeshi. Zamu ya mwisho ya jeshi la anga ilimalizika kituo cha Chivenor, Uingereza, Oktoba 4, 2015; sasa wanaruka marubani wa kiraia chini ya walinzi wa pwani. Huku kwetu kazi ya uokozi iko kwa KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, ambao wengi tunawajua kwa magendo tu.

Dhana inayonitia hofu zaidi ni hii: helikopta ikishafika, dua imejibiwa, rukia kamba. Rubani hakuoni ukiwa chini ya tumbo la ndege. Anayekuona ni mwendesha winchi aliyeko mlangoni, anamwelekeza kwa maneno, mbele kidogo, kulia kidogo. Mapanga yale yakizunguka, ndege hujikusanyia umeme, na wa kwanza kuishika kulabu hupigwa nao. Iache iguse maji kwanza, au sitaha. Usiifunge kamba kwenye mlingoti wala popote chomboni, maana chombo kikiyumba kitaivuta ndege. Na kama ni mashua au ngalawa, tua tanga mapema: upepo wa mapanga ukilikuta limefunguliwa, mtapinduka mbele ya waliokuja kuwaokoa.

Pia ndege haijui ulipo. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini, msimu wa kusi ndio unakimbia hasa, kwa hiyo aliyeanguka maji alfajiri hatafutwi adhuhuri palepale. Simu nayo katikati ya Unguja na Pemba si ya kutegemea. Redio ya VHF, chaneli 16, inasikiwa na kila chombo cha karibu chenye redio iliyofunguliwa hapo: taja jina la chombo, mlipo, na idadi yenu, kisha rudia.