Kabla ya Kuuliza Kasi ya Bakuli, Uliza Habari za Maji

Wateja wanaonijia hapa Nairobi wakitafuta mashine za mzunguko za kuchenjulia dhahabu, yaani zenye bakuli linalozungushwa kwa kasi ili dhahabu itengane na mchanga, wengi wao wakiwa na migodi midogo Migori na Kakamega, huuliza kwanza bakuli linazunguka kwa kasi gani, ilhali swali linalostahili kutangulia ni la maji.

Dhahabu safi ni nzito mara 19.3 kuliko maji ya ujazo uleule, na kwatsi, lile jiwe jeupe linaloibeba, ni mara 2.65 tu. Kwa punje kubwa, tofauti hiyo yatosha hata kwenye karai. Taabu huanza kwenye vumbi, kwa sababu chembe ndogo sana ikipunguzwa kipenyo kwa nusu, mwendo wake wa kuzama hubaki robo, na dhahabu ya namna hiyo huchukuliwa na maji kabla haijatua. Bakuli la kipenyo cha sentimita 30 likizunguka mara 600 kwa dakika huisukuma kila chembe ukutani kwa nguvu inayokaribia mara 60 ya mvutano wa dunia, na vumbi hilo hutua upesi.

Lakini nguvu hiyohiyo hushindilia mchanga kwenye mifereji ya ukuta hadi ukawa mgumu, kisha dhahabu inayofuata ikateleza juu yake na kutoka. Byron Knelson wa Kanada alitatua jambo hili kwa kutoboa mifereji hiyo matundu na kupenyeza maji kutoka nje ya bakuli, ili tabaka la mchanga libaki limelegea, chembe nyepesi zisukumwe nje na nzito zizipokonye nafasi. Shinikizo la maji hayo likipungua, mchanga hushikana. Likizidi, dhahabu ya vumbi hufukuzwa. Maji yenye matope huziba matundu, kwa hiyo mimi humshauri mtu ajenge kwanza tangi la kutuliza maji, hata kama mashine itachelewa.

Dhahabu iliyofungwa ndani ya pairaiti, madini ya chuma na salfa, haitakamatwa ipasavyo kabla ya jiwe kusagwa vya kutosha. Magnetaiti nayo, madini meusi ya chuma yenye uzito wa mara 5.2 ya maji, hujazana kwenye mifereji, hivyo bakuli lapaswa kusimamishwa na kuoshwa mara kwa mara. Makinikia yanayotoka, yaani mchanga mzito wenye dhahabu uliobaki bakulini, ni machache, na yakisafishwa tena kwenye meza ya kutikisa huweza kuyeyushwa kwa boraksi, chumvi inayosaidia kuyeyusha, bila kutumia zebaki.