Kalori 1,200 si za Kila Mtu

Wiki iliyopita mume na mke waliingia chumba changu cha ushauri wakiwa na karatasi moja. Fotokopi ya fotokopi, maandishi ya pembeni yameshafifia, ila kichwa cha juu kinasomeka vizuri: "Kalori 1,200 kwa siku, punguza kilo 10 kwa mwezi." Asubuhi yai moja la kuchemsha na chai ya rangi bila sukari. Mchana kipande cha samaki na kachumbari. Jioni tango na nusu parachichi. Mke ni mwalimu wa shule ya msingi, umri miaka 38, kilo 82. Mume ni fundi ujenzi, miaka 45, kilo 95, kutwa nzima anabeba tofali na kupanda jukwaa. Wote wawili walikuwa wanafuata karatasi ileile. Mama alivumilia siku kumi na moja. Baba siku ya nne mikono ilianza kumtetemeka akiwa juu kazini, mwiko ukamponyoka, na bahati nzuri chini hapakuwa na mtu.

"Dokta," mama akaniuliza, "tatizo letu ni uvivu?"

Hapana mama. Tatizo ni karatasi. Na kwa kuwa karatasi hiyo, au ndugu yake, huletwa kwangu kila mwezi, mara nyingine ikiwa picha ya WhatsApp iliyosambazwa mpaka haieleweki ilianzia wapi, leo nimeona niandike kuhusu karatasi hiyo na kauli nyingine za kupungua ninazoletewa.

"Ukitaka kupungua, kula kalori 1,200"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu ina sura ya kitaalamu. Namba ikishaandikwa watu huiamini. Nikimuuliza mteja kwa nini 1,200 na si 1,700, ananijibu kuwa ndivyo ilivyoandikwa.

Namba hii ni ya zamani. Mwaka 1918 daktari wa Marekani, Lulu Hunt Peters, aliandika kitabu cha kuwafundisha kina mama wa kwao kuhesabu kalori, na humo akapendekeza 1,200 kwa siku kwa anayetaka kupungua. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na namba aliyowaandikia kina mama wa Marekani leo anapewa fundi ujenzi wa Mbagala.

Mwili hauulizi karatasi imesema nini. Mwili una matumizi yake, na hesabu ya kupungua lazima ianzie kwenye matumizi, halafu ndipo upunguze. Kanuni ninayoitumia mimi ni ya Mifflin na St Jeor, iliyotoka mwaka 1990 baada ya kuwapima watu 498. Chukua uzito wako kwa kilo, zidisha kwa 10. Ongeza urefu wako kwa sentimita ukizidishwa kwa 6.25. Toa umri wako ukizidishwa kwa 5. Kama wewe ni mwanamke toa 161, kama ni mwanamume ongeza 5. Jibu ndilo matumizi ya mwili ukiwa umepumzika tu: moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa, ini na ubongo vinafanya kazi.

Tumpime mwalimu wetu. Kilo 82 zinatupa 820. Urefu wake ni sentimita 160, hiyo ni 1,000. Tunatoa 190 ya umri na 161, inabaki 1,469. Yaani hata akilala kitandani kutwa nzima, mwili wake unahitaji karibu kalori 1,470. Lakini yeye halali. Anasimama darasani na kurudi nyumbani kupika na kufua. Kwa shughuli nyepesi kama hizo tunazidisha kwa 1.375, tunapata kama 2,020. Hicho ndicho kiasi kinachomweka palepale alipo. Akitoa 500 anabaki na 1,500 na kidogo, na kwa kuwa kilo moja ya mafuta mwilini ina takriban kalori 7,700, atapungua karibu nusu kilo kwa wiki. Taratibu, lakini anakula ugali wake na anafundisha.

Mume, mwenye urefu wa sentimita 175, anapata 1,824 akiwa amepumzika. Kazi yake tunaizidishia 1.55, tunafika 2,827. Akila 2,250 kwa siku atapungua vizuri tu. Ninyi wenyewe pimeni umbali uliopo kati ya 2,250 na 1,200, kisha mfikirie mtu huyo akiwa kwenye jukwaa saa nane mchana.

Na si hilo tu. Nilichukua kalamu nikajumlisha vyakula vya ile karatasi mbele yao. Yai moja, kama 75. Samaki, tuseme 200. Nusu parachichi, 150 hivi. Kachumbari na tango ni karibu na bure. Jumla haifiki 700! Karatasi inasema 1,200 na haitoi hata hizo 1,200. Aliyeiandika hakujumlisha.

Ile ahadi ya kilo 10 kwa mwezi nayo ihesabuni. Kilo 10 mara 7,700 ni 77,000. Gawanya kwa siku 30, unatakiwa upungukiwe kalori zaidi ya 2,500 kila siku. Matumizi yote ya mwalimu wetu ni 2,020. Hata asiponyanyua tonge mwezi mzima, kilo 10 za mafuta haziwezi kutoka. Kama mzani utaonyesha kilo 10, basi sehemu kubwa ni maji na misuli, na misuli ndiyo tunayoitaka ibaki.

Kuna watu wananiambia, "Lakini dokta, si nitazoea?" Hapo huwa nawasimulia jaribio la Minnesota. Mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys na wenzake katika Chuo Kikuu cha Minnesota walitaka kujua namna ya kuwarudishia afya watu waliokuwa wakifa njaa Ulaya kwa sababu ya vita. Vijana 36 wa kiume, wenye afya nzuri, wakajitolea. Kwa miezi sita walilishwa wastani wa kalori kama 1,570 kwa siku, na walitakiwa kutembea kilomita 35 hivi kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walisikia baridi hata wakati wa joto, walikosa nguvu, walinyong'onyea, na wakawa hawana mazungumzo mengine ila chakula. Wengine walikuwa wanasoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Wanasayansi waliyaita maisha yale nusu njaa. Kalori 1,570! Na sisi tunasambaziana 1,200 tukiita afya.

Anayejinyima kupita kiasi kwanza hupoteza nguvu za kutembea, na hapo matumizi yake yanashuka bila yeye kujua: anapanda bodaboda palepale alipokuwa akienda kwa miguu, anakaa pale alipokuwa akisimama. Miezi miwili mitatu baadaye nywele zinaanza kutoka kwa mafungu akichana. Wanawake wengine hedhi inavurugika. Kupungua kwa kasi kubwa huongeza pia hatari ya mawe kwenye kifuko cha nyongo. Na anayetumia insulini au dawa nyingine za kushusha sukari, akikata chakula ghafla bila dawa kurekebishwa, anaweza kuanguka na kupoteza fahamu. Huyo asianze chochote kabla ya kumwona daktari wake. Mjamzito asidayati kabisa. Anayenyonyesha, maziwa peke yake katika miezi sita ya kwanza yanahitaji kama kalori 500 za nyongeza kila siku, kwa hiyo mama wa mtoto wa miezi miwili aliyepewa karatasi ya 1,200 na shoga yake ameonewa.

Sisemi hakuna mtu hata mmoja wa 1,200. Mama mfupi, mtu mzima, wa kilo 60, asiyetembea sana, hesabu yake inaweza kuangukia karibu na hapo. Mimi kwa kawaida siwashushi wanawake chini ya 1,200 wala wanaume chini ya 1,500 nje ya uangalizi wa hospitali. Hicho ni kizingiti cha chini. Watu wamekigeuza kuwa lengo.

Kingine ninachowasisitizia: namba inayotoka kwenye kanuni ni makadirio. Inaweza kukosea kwa asilimia kumi kwenda juu au chini. Kula kwa namba hiyo wiki nne, jipime asubuhi ukishatoka chooni na kabla ya chai, andika kwenye daftari. Usiangalie siku moja moja. Angalia wastani wa wiki. Kina mama walinganishe wiki ya hedhi na wiki ya hedhi, kwa sababu maji ya mwili hupanda na kushuka na mzani haujui tofauti ya maji na mafuta. Wiki nne zikiisha hujashuka, punguza 100 au 150. Ukishuka zaidi ya kilo moja kwa wiki na unajisikia hovyo, ongeza. Hakuna karatasi inayoweza kukufanyia kazi hiyo.

"Nala kidogo sana lakini sipungui"

Naamini unaamini unachosema. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha kipimo cha watu kumi waliokuwa na malalamiko hayohayo. Matumizi ya kalori ya miili yao yalikuwa ya kawaida kabisa, ila chakula walichokuwa wakijiandikia kilikuwa karibu nusu tu ya walichokula kweli. Hawakuwa waongo. Walikuwa wanakadiria kwa macho.

Kwetu mkosaji mkubwa wa macho ni mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, sawa na theluthi ya ugali wa unga gramu 100. Nani anapima? Watu wanamimina kwenye sufuria, wanasema "kidogo tu", mchicha unaelea. Fanyeni hesabu hii nyumbani: lita moja ya mafuta ina zaidi ya kalori 8,000. Familia ya watu wanne ikimaliza lita kwa siku tano, kila mtu amepata kalori 400 kwa siku kutoka kwenye chupa tu, kabla hajagusa wali. Ndiyo maana kila anayeingia kwangu namwagiza ushauri uleule, na wengine wamenichoka kwa hilo: funga kijiko cha chakula kwa kamba shingoni mwa chupa ya mafuta, na mafuta yasitoke bila kupitia kijiko. Kijiko kimoja kwa kila mlaji kwa mlo kinatosha sana. Nimeona watu wakipungua bila kubadilisha kitu kingine chochote.

"Usile baada ya saa kumi na mbili jioni"

Mwili hauna saa ya kugeuza ugali kuwa kitambi. Jumla ya siku ndiyo inayohesabiwa zaidi. Faida ya kuacha kula usiku ni kwamba wengi huacha pia karanga, soda na chipsi za mbele ya runinga. Kama unatoka kazini saa mbili usiku, kula, ila ujue ulishakula nini mchana.

"Dona, asali na mafuta ya nazi havinenepeshi"

Dona ni bora kuliko sembe, nakubali kwa mikono miwili, kwa sababu ya nyuzinyuzi na vitamini zilizobaki kwenye kiini na pumba, na hushibisha zaidi. Lakini kalori zake ni zilezile karibu, kama 360 kwa gramu 100 za unga. Asali kijiko cha chakula ina takriban 60, sukari 50. Mafuta ya nazi, ya alizeti, ya zeituni, yote ni kalori 9 kwa gramu. "Asili" si kipimo cha kalori.

"Maji ya ndimu na tangawizi yanayeyusha mafuta"

Hayayeyushi. Kunywa kama unapenda ladha yake, hasa kama yanachukua nafasi ya soda.

"Wiki ya kwanza nimetoa kilo tatu, dawa inafanya kazi"

Ukikata wanga, mwili unatumia akiba yake ya glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo imeshika kama gramu tatu za maji. Maji hayo yanatoka, mzani unashuka, muuza chai ya kupungua anapata ushuhuda. Ukila wali Jumamosi yanarudi. Ni hivyohivyo kwa wanaokimbia na nailoni tumboni: wanachotoa ni jasho, kikombe cha maji kinakirudisha, na juani unajitafutia kuzidiwa na joto.

Mwalimu na mumewe nimewapa namba mbili tofauti, 1,500 na 2,250, sufuria moja. Mama anapakua ugali mdogo, baba mkubwa. Dagaa na maharage wote wasipunguze, maana protini ndiyo inayolinda misuli na kutuliza njaa. Wanarudi baada ya wiki nne. Nimewaomba waje na daftari la uzito, na chupa ya mafuta iliyoandikwa ubavuni tarehe waliyoifungua.