Kabla ya kutuletea mgogoro wa ardhi, anza na karatasi

Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia ilianza kuzunguka mikoani 2023, na kila ilipopita migogoro ya ardhi haikukosekana. Kinachotuchelewesha kwenye meza ya msaada wa kisheria mara nyingi si sheria, ni maelezo. Mwananchi anaanza na tusi alilotukanwa juzi, anarudi enzi za babu, anapitia kwa shemeji, na hatujajua bado kiwanja kipo wapi.

Tunaomba uandike kabla hujafika. Tarehe kwanza, hata kama unakumbuka mwaka tu. Kisha tenganisha uliyoyaona, uliyoambiwa (na nani) na unayohisi. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inataka jambo lililoonekana lisemwe na aliyeliona. "Mtaa mzima unajua" si ushahidi, tumesema mpaka tumechoka. Katika huo mtaa mzima, tuletee mmoja aliyekuwepo minyaa ya mpaka ilipopandwa. Na mhuri wa mwenyekiti wa mtaa peke yake haukufanyi mmiliki.

Tarehe zina uzito. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, shauri la kudai ardhi hufunguliwa ndani ya miaka 12 tangu haki ya kudai ilipoanza. "Zamani kidogo" haitusaidii kuhesabu.

Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Baraza la Kata halitoi hukumu, linasuluhisha tu. Likithibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zikipita bila suluhu, ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukiruka hatua hiyo shauri halitasikilizwa, hata kama kiwanja ni chako kweli. Huko shahidi anaapa au anathibitisha kwamba atasema kweli, na kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, uongo wa makusudi chini ya kiapo unaweza kumfunga mtu hadi miaka 7. Kusahau si uongo. Usichokikumbuka, andika "sikumbuki", usibuni.

Haya ni maelezo ya jumla. Kila shauri lina mazingira yake.

Chini ya karatasi andika unachotaka: kurudishiwa kiwanja, kulipwa, au mpaka urekebishwe. Wengi hutujibu "nataka haki yangu". Ipi? Hapo hatuwezi kukujazia. Mkataba wa mauziano njoo nao pamoja na nakala. Nakala tutabaki nayo, halisi utarudi nayo nyumbani.