Je, wajua mifupa ya dainaso inatolewaje kwenye jiwe mpaka isimame makumbusho?

Juzi kati nilikua na mpwa wangu pale Kamanga tunasubiri kivuko, jiwe la Bismarck liko palepale mbele yetu, watu wanapiga selfi, dogo akaniuliza "Anko, Mwanza mawe yote haya, kwa nini hawajawahi kuchimba dainaso hata mmoja?" Nikacheka nikidhani ni swali la kitoto, baadae nikagundua sina jibu, na nilipoanza kulitafuta likanipeleka mbali kweli, mpaka Lindi, mpaka Berlin, na mwisho likaishia kwenye sufuria ya mama yake iliyojaa mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa.

Tuanze na mawe yetu. Haya ni graniti, yaani ulikua uji wa mwamba wa moto kule chini kabisa ardhini, ukapoa taratibu ukagandia hukohuko, halafu mvua na upepo vikaja kuyafunua baada ya muda mrefu sana. Mnyama hawezi kuzikwa kwenye uji wa moto akabaki na mfupa. Kisukuku, yaani mabaki ya mnyama yaliyogeuka jiwe, kinataka matope au mchanga, mnyama afe afunikwe haraka kabla wala mizoga hawajammaliza, halafu maji yenye madini yawe yanapita kwenye mfupa kidogokidogo mpaka nao unakua kama jiwe. Na hata umri unagoma. Graniti ya huku ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, wakati dainaso wa kwanza walitokea kama miaka milioni 230 iliyopita. Utasema basi tuchimbe matope ya ziwani? Ziwa Victoria lenyewe ni toto, linakadiriwa kuwa na miaka 400,000 hivi, na dainaso waliisha miaka milioni 66 iliyopita. Mawe yetu yamewahi mno, ziwa letu limechelewa mno, dainaso wakapita hapo katikati. (Wenzetu wa kisiwa cha Rusinga upande wa Kenya wana bahati kidogo, kule volkano ilimwaga majivu yakafunika wanyama, ndo maana mwaka 1948 Mary Leakey aliokota fuvu la Proconsul, jamii ya nyani wa miaka kama milioni 18. Ila sio dainaso.)

Kwa hiyo dainaso wa Tanzania unamtafuta kusini. Mlima Tendaguru, mkoa wa Lindi, mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani anaitwa Sattler aliona mfupa mkubwa umechomoza ardhini, na kuanzia 1909 mpaka 1913 makumbusho ya Berlin ikaleta msafara ukachimba zaidi ya tani 200 za mifupa ya miaka kama milioni 150. Wachimbaji walikua mamia ya watu wa hukohuko, na msimamizi wao mkuu alikua Boheti bin Amrani, jamaa ambaye Waingereza walipokuja kuchimba nao miaka ya 1920 walimtafuta yeyeyule. Leo kuna dainaso mmoja kapewa jina lake, Australodocus bohetii, japo ilibidi isubiriwe mpaka 2007.

Sasa hapa ndo kuna jambo ambalo mimi sikulijua kabisa. Nilikua nadhani mfupa ukishakua jiwe ni mgumu kama jiwe, unauchomoa tu kama muhogo. Wapi! Mfupa wa kisukuku umejaa nyufa, ukiuinua vibaya unakua kokoto. Kwa hiyo hawauchomoi, wanachimba kuuzunguka mpaka unabaki umekaa juu ya kigingi cha udongo kama uyoga, wanaufunika kwa karatasi laini zilizolowa ili plasta isigande kwenye mfupa wenyewe, halafu wanauzungushia vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta. Ni P.O.P ileile, lile hogo analofungwa mtu wa bodaboda akivunjika mguu. Ikikauka wanakata kigingi, wanaugeuza, wanafunga na upande wa pili. Kule Tendaguru walitumia pia udongo na fito za mianzi, mzigo ukafungwa kama tenga, halafu wapagazi wakautwika kichwani siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Mizigo mingine ya mianzi imekaa kwenye stoo za Berlin zaidi ya miaka 100 haijafunguliwa, na siku hizi wanaichungulia ndani kwa mashine ya sitiskani (CT scan), ile ya hospitali, bila kuifungua.

Mbona wasifungue tu? Kwa sababu kufungua ndo kazi yenyewe. Kuchimba kunaweza kuchukua wiki, kusafisha kunachukua miaka. Mfano ambao naupenda ni wa yule Tyrannosaurus, dainaso mla nyama, anayeitwa Sue, aliyeokotwa Marekani mwaka 1990, makumbusho ya Field ya Chicago ikamnunua kwenye mnada 1997 kwa dola milioni 8.36, halafu mafundi wakatumia zaidi ya saa 25,000 kumtoa kwenye jiwe na kumuunga, akaonyeshwa kwa watu Mei 2000. Saa 25,000! Fundi mmoja angekua anafanya saa nane kila siku bila jumapili wala sikukuu angemaliza baada ya miaka kama minane na nusu.

Wanafanyaje? Jiwe likiwa laini wanatumia brashi na vile visindano vya daktari wa meno. Likiwa gumu kuna kifaa kama kalamu kinachoendeshwa na upepo wa kompresa, ncha yake inagongagonga haraka sana, kinamegua jiwe punje kwa punje huku fundi anachungulia kwenye darubini. Kuna mawe ya chokaa ambayo wanayaloweka kwenye asidi dhaifu, ndugu wa siki ya kachumbari, inakula chokaa inaacha mfupa, ila lazima uutoe kila mara, uuoshe, uupake dawa ya kuukaza, urudishe, maana ukizembea inaanza kuula na mfupa.

Na hiyo dawa ya kukaza ni habari nyingine. Ni plastiki fulani angavu iliyoyeyushwa kwenye asetoni, ile wanayofutia rangi ya kucha saluni. Wanaipendea kitu kimoja, unaweza kuirudisha nyuma. Ukigundua kesho kwamba kipande hiki sio cha hapa, unapaka asetoni kinaachia bila kudhurika. Mimi naona hapo ndo ustaadi ulipo kuliko hata ile kalamu ya upepo, fundi anafanya kazi akijua kabisa kwamba miaka 50 ijayo mwingine anaweza kuja kuifungua aifanye tena.

Kwenye kuchunguza napita haraka maana hapo kila mtu na fani yake. Wanakata kipande chembamba sana cha mfupa mpaka mwanga unapita, wanahesabu mistari ya ukuaji kama ya mti, ndo wakasema Sue alikufa na miaka kama 28. (Hata samaki wana vijiwe vidogo vyeupe ndani ya kichwa, navyo wataalamu huhesabu mistari yake kujua umri.) Mifupa ya Shingopana, dainaso wa Songwe aliyetangazwa 2017, ilikutwa na matundu ya wadudu, maana yake mzoga ulikaa wazi kwa muda kabla haujafunikwa. Ndio, jina ni hilohilo, shingo pana! Na kuna mwenzake wa bonde la Rukwa, Mnyamawamtuka moyowamkia, wa mwaka 2019, mnyama wa mto Mtuka, na pingili ya mkia wake ukiitazama ina umbo la moyo. Wazungu wanavyohangaika kulitamka jina hilo nafurahi sana.

Turudi kwenye lile la kusimama. Dogo alikua haamini kwamba hawakutwi wamesimama, nikamwambia tujaribu. Dada yangu alikua kaleta mapanki kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, tukaomba moja la sangara wa wastani, nyama ikaliwa kwanza (hilo lilikua sharti), halafu tukalichemsha, tukasugua kwa mswaki wa zamani, tukaanika mifupa kwenye gazeti. Mgongo ulikua rahisi, pingili zinajipanga zenyewe kubwa mpaka ndogo. Kichwa sasa! Kichwa cha samaki sio mfupa mmoja, kimeachana vipande kibao vyembamba kama maganda, hakuna anayejua kipi kimetoka wapi, na huyu samaki tumemla jana yake tukiwa tunamuangalia usoni. Fikiria sasa wale ambao mnyama wenyewe hakuna mtu aliyewahi kumuona.

Ndo maana dainaso mkubwa wa Tendaguru, anaitwa Giraffatitan, alisimamishwa Berlin mwaka 1937, miaka 24 baada ya uchimbaji kuisha. Ana urefu wa mita 13 na kidogo kwenda juu, ghorofa nne hivi, na sio mnyama mmoja. Hawakupata mmoja aliyekamilika, wakaazima mifupa kwa wenzake wa saizi inayokaribiana, na pale palipokosekana kabisa wakatengeneza. Pingili za shingo na mgongo ni za bandia, zile halisi zipo ila ni nzito na zinavunjika, huwezi kuzining'iniza juu ya vichwa vya watoto wa shule. Hata Sue, kichwa cha kweli kina kilo 270 hivi kwa hiyo kimewekwa kwenye kabati lake la kioo na juu ya shingo kuna nakala nyepesi. Kuna watu wakisikia hivyo wanasema wametapeliwa kiingilio. Mimi sioni utapeli, nakala inatolewa kwenye muundo wa mfupa halisi, na ule halisi ukiwa chini mtafiti anaufikia bila kupanda ngazi.

Na mkao wenyewe nao unabadilika. Kuna dainaso mwingine, Diplodocus wa nakala aliyewekwa London mwaka 1905 alikua anaburuza mkia kama mamba, mpaka 1993 ndo wakaunyanyua, kwa sababu nyayo zilizoganda kwenye mawe mara nyingi hazina alama ya mkia ulioburuzwa. Giraffatitan naye walimshusha vipande vyote, wakamsimamisha upya 2007, miguu ya mbele iliyokua imetanuka kama ya mjusi ikanyooshwa, mkia ukapanda juu. Mnyama amekufa miaka milioni 150 iliyopita na bado anabadilishwa mkao.

Kuhusu kwamba kwa nini yuko Berlin na sio Lindi, huo ni mjadala ambao umefika mpaka bungeni na sitaumaliza hapa, ila siku ukimuona kwenye picha jua kabisa alitoka huku kichwani kwa wapagazi.

Panki letu sasa limesimama juu ya kabati la dada, limeshikiliwa na zile nyaya za kuchomea mishikaki tulizozipinda, mkao sio mbaya, linaegemea kushoto kidogo. Mifupa saba imebaki kwenye kopo la maziwa hatujui ni ya wapi, na pingili mbili za mkia aliondoka nazo paka wa jirani. Dogo kanisikiliza habari ya Berlin yote mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu, kama na sisi tunaruhusiwa kuazima. Jumamosi tunaenda Mwaloni kutafuta panki lingine la saizi ileile.