Kona Inapangwa Kuanzia Pale Utakapotokea

Vijana ninaowafundisha udereva wa mashindano hapa Mwanza hawaogopi mwendo. Kinachowaangusha ni laini, yaani gari lipite wapi ndani ya kona. Wengi wanabana ukingo wa ndani mwanzo hadi mwisho kwa kuwa ndiyo njia fupi. Ni fupi kweli, ila inakuchelewesha.

Chukua kona ya digrii 90, barabara ya upana wa mita 10, ukingo wa ndani ukiwa na nusu kipenyo cha mita 15. Ukibana ndani, gari linafuata duara la nusu kipenyo cha kama mita 16. Kwa lami kavu na tairi zinazoshika vizuri, zaidi ya kilomita 45 kwa saa utaanza kuteleza. Sasa anzia ukingo wa nje, gusa ndani katikati ya kona, kisha liachie gari litanue tena hadi nje. Duara linafika mita 40 na ushee, na gari lile lile linapita kwa kilomita 70 hivi.

Hiyo ndiyo laini ya kitabuni, na kona ikiwa peke yake inatosha. Lakini kona haikai peke yake. Mimi namuuliza mwanafunzi swali moja kabla hajawasha gari: baada ya kona hii kuna nini? Kama kuna barabara ndefu iliyonyooka, sogeza mbele ile nukta ya kugusa ndani. Utaingia polepole zaidi, utakata usukani kwa nguvu mwanzoni mwa kona, halafu gari litanyooka mapema na utakanyaga mafuta wakati mwenzako bado anapambana na usukani. Kona ya mwisho ya Monza, uwanja wa mbio za magari kule Italia, ambayo tangu 2021 ina jina la Michele Alboreto, inafungulia barabara iliyonyooka kwa zaidi ya kilomita moja. Mwendo unaotoka nao pale unakwenda nao hadi breki inayofuata.

Kwenye kiwanja chetu cha changarawe jambo hili linasomeka chini kabisa. Naweka koni tatu: pa kukatia, pa kugusa ndani, pa kutokea. Aliyegusa ndani mapema mno anaacha alama ya tairi za mbele iliyopanuka na kukwaruza, na tuta dogo la changarawe upande wa nje, karibu na koni ya mwisho. Maana yake alikuwa amekata usukani lakini tairi zinasukumwa tu. Ninasogeza koni ya katikati mbele hatua chache, arudie. Alama ikitoka nyembamba na safi, najua hata bila saa kwamba ameanza kukanyaga mafuta mapema.

Tairi lina kiasi chake cha kushika barabara, na breki, usukani na mafuta vinagawana kiasi hicho hicho. Kwa hiyo unaachia breki taratibu kadiri unavyokata, na mguu unashuka kwenye mafuta kadiri usukani unavyorudi. Ukivitaka vyote kwa pamoja, gari litakukatalia.

Haya yote ni ya uwanja uliofungwa. Naomba sana asiyajaribu mtu kwenye kona za mtaa wa Capri Point hapa Mwanza, ambako bodaboda inashuka upande wa pili wa jiwe na wala hamuonani.

Kona mbili zikifuatana kulia na kushoto, itoe sadaka ile kona ya kwanza: kubali kuimaliza ukiwa umebaki upande utakaokuweka nje ya kona ya pili, kwa sababu hiyo ya pili ndiyo inayokutoa. Mvua ikinyesha kwenye lami, laini ya kawaida inageuka adui, maana raba ya tairi iliyobaki pale inateleza ikilowa. Hapo madereva wazoefu wanahama, wanazunguka upande wa nje ambako lami bado ina makwaruzo.