Kwa nini mwimbaji aliyelipwa pauni 30 alikuja kuandikwa mtunzi wa wimbo?

Katika albamu ya The Dark Side of the Moon, ambayo kundi la Pink Floyd liliitoa Machi 1973, kimo kibao kiitwacho The Great Gig in the Sky. Ndani yake mwanamke analia, anapaa, anashuka hadi kunong'ona, na katika maombolezo yote hayo haimbi neno hata moja. Hakuwa mwanakundi. Ni Clare Torry, mwimbaji wa kukodiwa wa London, wakati huo akiwa na miaka 25, na kwa kazi hiyo alilipwa pauni 30. Nakala zilizotolewa tangu 2005 zinamtaja pamoja na mpiga kinanda Richard Wright, safari hii kama mtunzi. Imekuwaje?

Jibu linalozunguka sana ni kwamba mahakama iliona dada wa watu amepunjwa, ikamrudishia haki yake. Sivyo ilivyokuwa. Torry alifungua kesi mwaka 2004 katika Mahakama Kuu ya Uingereza dhidi ya Pink Floyd na kampuni ya EMI, lakini mwaka uliofuata pande zote zilipatana nje ya mahakama. Masharti ya mapatano hayakutangazwa. Hakuna jaji aliyetoa hukumu.

Hata hizo pauni 30 hazikuwa kiini cha mgogoro. Ujira wa kawaida wa kikao kama kile ulikuwa pauni 15. Alilipwa mara mbili kwa sababu alirekodi Jumapili, tarehe 21 Januari 1973. Tena udogo wa malipo peke yake haumfanyi mtu mtunzi. Ukikubali ujira wa kuimba, kisha albamu ikauzwa mamilioni kwa mamilioni kama hii, huna pa kushika kwa hoja hiyo tu.

Wengine husema ni kwa sababu aliimba vizuri kupita kiasi. Hilo nalo halitoshi, na ushahidi ni Merry Clayton, mwimbaji mwingine wa kukodiwa. Mwaka 1969 aliitwa studio Los Angeles karibu na usiku wa manane, akaenda na ujauzito wake, nywele zikiwa bado kwenye rola, kuimba wimbo wa Gimme Shelter na kundi la Rolling Stones. Sikiliza anapopandisha kwa mara ya mwisho: sauti inapasuka, na kwa nyuma Mick Jagger, mwimbaji wa kundi hilo, anasikika akipiga ukelele wa furaha. Kwangu mimi, huo ni miongoni mwa uimbaji mkubwa kabisa wa kushirikishwa uliowahi kurekodiwa. Lakini watunzi wamebaki Jagger na mpiga gitaa wa kundi, Keith Richards, maana maneno na mahadhi alipewa tayari. Jalada la albamu hata jina lake liliandika Mary.

Torry hakupewa kitu cha kuimba. Fundi mitambo Alan Parsons ndiye aliyependekeza aitwe, na alipofika studio za Abbey Road alikuta piano ya Wright imesharekodiwa pamoja na ala nyingine. Alipoanza na vile viitikio vya kawaida vya mapenzi, wakamkatiza: hawakutaka maneno. Ndipo akaamua kujifanya ala ya muziki. Aliimba mara mbili, ya tatu akaikatiza mwenyewe kwa kuona anajirudia. Aliondoka akidhani kazi yake haitatumika, akaja kujua imetumika alipoiona albamu dukani.

Mpelekee fundi cherehani kitambaa kilichokwisha kukatwa, chaki ikionyesha kila mshono. Atashona kwa ustadi, utamlipa, na mtindo utabaki wako. Sasa mpelekee kitambaa kizima, umwambie ashone anavyoona. Nguo ikirudi na shingo, mikono na marinda ambayo hukuwahi kuyawaza, kitambaa ni chako, ila mtindo umetoka kichwani mwake. Clayton alipewa kitambaa kilichokatwa. Torry alipewa kizima, na ndiyo maana jina la Wright halikufutwa: majina yamekaa pamoja.

Kisheria hizi ni haki mbili. Anayeimba ana haki katika uimbaji wake, na anayetunga ana haki katika utunzi, yaani maneno na mahadhi. Tanzania nayo inazitenganisha katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Mtu mmoja anaweza kuzipata zote mbili ndani ya kikao kimoja, hata kama hakuandika noti popote. Torry alitunga huku akiimba. Na mahadhi yake yanafuatika: Pink Floyd walipozunguka na wimbo huu mwaka 1994, waimbaji watatu waligawana sehemu yake, wakipita njia aliyoichora yeye.

Si kila pambo linalohesabika, lakini. Chini ya sheria ya Uingereza mchango lazima uwe wa asili na wenye uzito. Kuongeza miito miwili mitatu kwenye kiitikio hakumfanyi mtu mtunzi. Mkataba nao unaweza kuwa umeshaihamisha haki kabla kipaza sauti hakijawashwa.

Kwa kuwa kesi ya Torry haikufika kwenye hukumu, msimamo wa mahakama tunauona kwa Matthew Fisher, aliyepiga ogani katika wimbo wa A Whiter Shade of Pale wa kundi la Procol Harum, mwaka 1967. Fisher alikuwa mwanakundi, ila alikuwa anadai jambo lile lile: kwamba alichopiga ni utunzi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilimpa asilimia 40 ya hakimiliki ya muziki. Rufaa ikamnyima mirabaha, na mwaka 2009 majaji wa Baraza la Malord, wakati huo ngazi ya juu kabisa ya rufaa Uingereza, wakamrudishia. Walikubali kwamba kuchelewa karibu miaka 40 hakukuifuta hakimiliki yake, ingawa fedha zilihesabiwa tangu alipodai, mwaka 2005, si tangu wimbo ulipotoka.